Sigaa Isiyo na Pete

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimeitanguliza kwa sababu nakujua, barua isiyo na shikamoo unairudisha kwenye bahasha. Mkaza mjomba naye mpe ya kwake, usiile njiani.

Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ikifika adhuhuri analisahau na kupanda ngazi za jirani kwenda kusengenya. Mdogo wangu amepata kazi kwenye duka la viatu, na sasa kila mgeni akiingia nyumbani anamtazama miguuni kabla hajamkaribisha. Mimi niko kwenye meza yangu ileile ya dirishani. Karakana bado inanuka tumbaku mpaka kwenye chai, na msimamizi bado ananiita Shoto kama vile wazazi walisahau kunipa jina.

Sasa la maana. Mwaka huu karakana inatafuta sigaa mpya, nene, ya majani matupu kama zile zako. Msokotaji yeyote anaruhusiwa kutengeneza ya kwake na kuiweka mezani mwishoni mwa Julai, bila jina wala ile pete ya karatasi. Wazee wanaojua kuvuta watazionja zote na kuchagua moja. Mwenye hiyo moja anaacha kusokota mchanganyo wa wengine na kuingia chumba cha kuchanganya majani, kile ulichokikalia wewe mpaka ukastaafu. Mwanamke hajawahi kuingia humo ila kufagia.

Kuna mtu hapa anataka kujaribu. Hapendi ajulikane, kwa hiyo usiniulize ni nani. Ameniomba nikutumie sigaa zake mbili, wewe na rafiki yako Kinyozi mzivute kama mlivyokuwa mkivuta kila sigaa ngeni iliyofika mjini, halafu mseme ukweli. Yeye mwenyewe hawezi kuvuta. Mimi nami kifua changu unakijua, moshi ukinigusa nahangaika mpaka jioni, kwa hiyo simfai. Msimamizi ameshatangaza kwamba asiyevuta hawezi kuchanganya, kwamba mikono isiyo na ulimi ni ya kufungia tu.

Usimhurumie, Mjomba. Mpe kama ilivyo.

Mpwa wako


27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba kwa barua ijayo. Mkaza mjomba wako amepata salamu zake zote, sikumega hata kidogo. Ni mzima. Siku hizi namsifia kila sahani anayoweka mezani, naye ananiangalia kama mtu anayetaka kuuziwa kitu kibovu.

Kinyozi alifunga duka mchana kweupe kwa ajili ya huyo mtu wako. Mteja mmoja aliondoka na ndevu nusu, ameambiwa arudi baadaye. Tulikaa uani, kwenye viti vile viwili ambavyo sponji imetoka kuchungulia dunia, tukaiwasha. Sigaa moja watu wawili, kama kawaida yetu: kila mmoja mivuto mitatu, kisha anampa mwenzake. Kinyozi kwa zamu unamjua. Anaweza kukukata sikio asikuombe radhi, lakini mvuto wa nne hajawahi kuiba tangu tukiwa vijana.

Haya. Jani la nje lina rangi ya mkate ulioiva vizuri, na mishipa yake imelala. Niliibonyeza kutoka ncha hadi ncha, sikukuta donge wala shimo. Kofia, kile kijani cha kufunika ncha, imefungwa kwa mkono usio na wasiwasi. Inavutika bila kulazimishwa. Majivu ni meupe, yameshikana, yalikaa mpaka tukaanza kuyaonea fahari.

Kuhusu ladha, Kinyozi anasema mwanzo ni karanga za kukaanga. Katikati anasema ni ngozi ya kiatu kipya, na anaisifia, usimwelewe vibaya. Tulipofika theluthi ya mwisho aliitoa mdomoni, akaitazama, akasema, "Hapa alichoka." Imekuwa chungu na inakwaruza koo.

Basi mwambie huyo mtu: sigaa yake ni nzuri mpaka katikati, kisha inakata tamaa. Yeye asikate. Arudi kwenye majani. Na mikono yake nimeipenda, mfikishie hilo.

Mjomba wako


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, hata kama unayo ya akiba. Usinune kwa kuchelewa. Huyo mtu alipopewa maneno yenu alikaa siku kadhaa hataki kusemeshwa, kisha akarudi kwenye majani kama mlivyomtuma. Amebadilisha ya ndani yote. Nakutumia mbili nyingine.

Mama anasema upunguze kuvuta. Anasema hivyo kila mwaka, kwa hiyo nimetimiza wajibu.

Karakana imechukua wanagenzi, na mimi ndiye niliyebandikwa kazi ya kuwafundisha. Kutwa nzima natengeneza sigaa za mfano, zile zinazojazwa takataka za sakafuni, ili wao waangalie mikono yangu na kujifunza kufunga kofia. Meza yangu haina pa kuweka kikombe. Kifurushi hiki nakifunga mbiombio, mtu wa posta amesimama mlangoni anapiga kelele kama nimemwibia baiskeli.

Ila kuna kitu kimenikera, nikiseme. Nimesoma barua yako mara nyingi. Rangi umesema wewe. Mvuto umesema wewe, majivu umesema wewe. Karanga kasema Kinyozi, kiatu kasema Kinyozi, uchungu kasema Kinyozi. Wewe ulikuwa wapi? Nakumbuka ulivyokuwa ukivuta kibarazani kwetu na kuanza kuhutubia, mara zabibu, mara mbao zilizonyeshewa, mpaka mama anakuomba unyamaze watu wapate kula. Safari hii nataka ulimi wako, sio wake.

Mpwa wako


9 Mei

Mpwa wangu mkorofi,

Marahaba. Huku salama. Kinyozi hayupo, binti yake amejifungua, naye amekwenda kumtazama mjukuu na bila shaka kumtishia mkasi. Duka limefungwa na nusu ya wanaume wa mtaa huu sasa wanafanana.

Kwa hiyo niliivuta peke yangu, uani kwangu, na kwa kuwa umeutaka ulimi wangu, shika. Mwanzo ni asali, ile nyeusi ya msituni. Inafuata kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Katikati kuna mbao, tena mbao za sanduku la zamani la nguo, na kwa mbali ganda la chungwa. Mwisho hauna uchungu hata chembe. Unamalizika kwa utulivu, kama mtu anayefunga mlango bila kuamsha watoto.

Majivu yalidondoka ovyo kidogo na moto ulipanda upande mmoja, lakini uani kulikuwa na upepo, na mkono wangu siku hizi si ule. Hilo si kosa la sigaa.

Mwambie huyo mtu hakuna la kurekebisha. Aiweke mezani hivyohivyo.

Mjomba wako


22 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Jana nimefungua mtoto wa meza yangu kutafuta wembe, nikakuta sigaa mbili zimelala pale nilipozilaza mwezi wa nne. Ndizo nilizodhani nimekutumia. Nilizokutumia kwa haraka zangu ni zile za mfano. Unajua kilichokuwamo ndani yake? Vijiti, vumbi la sakafu, na nina hakika kamba kidogo.

Nawe umeniandikia asali ya msituni.

Nilicheka kwanza. Kisha nikainama chini ya meza nikalia, wanagenzi wakadhani nimejikata kidole, mmoja akaniletea bendeji.

Tangu lini, Mjomba? Usiniambie upepo. Usiniambie mkono. Mtu aliyewahi kukataa gunia zima kwa kunusa tu kamba iliyolifunga hawezi kuvuta ufagio akasikia chungwa. Nisingefungua pale ningeiweka mezani nikiyaamini maneno yako, na wazee wakanicheka mpaka nikazeeka.

Ndiyo, nimeandika ningeiweka. Ni yangu. Kama ulikuwa hujui, sasa unajua, na huo uongo wangu mdogo naufuta. Futa na wako.

Mpwa wako


8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Posta nimeuliza, wanasema haijapotea barua yoyote.

Sina hasira tena, au ninayo kidogo tu. Meza inawekwa tarehe ishirini na nane Julai. Nitaiweka yangu, uwe na ulimi au usiwe nao. Lakini nisingependa kuiweka nikiwa sijui uko hali gani.

Mpwa wako


19 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba zote mbili. Barua hii nimeianza mara kadhaa na kila mara inaishia kwenye habari za mke wangu na bei ya mkaa. Leo nimejifungia.

Ni tangu ile homa ya mwaka juzi. Niliamka homa imeondoka, na pua na ulimi vimeondoka nayo. Chai ni maji moto. Chakula nakisikia kwa meno tu. Daktari alinichungulia kwa tochi akasema tungoje, na mimi bado nangoja. Sikumwambia mtu, hata huyu ninayelala naye. Kinyozi aligundua mwenyewe. Siku moja alinipaka mafuta ya taa shingoni kwa bahati mbaya, badala ya spiriti, nami nikamshukuru. Tangu hapo tukivuta yeye anaonja, mimi nasema, na watu wanaendelea kuniheshimu.

Nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Wewe kifua kinakukataza, ulimi wako ulikuwa mimi. Nilijiambia ukijua umebaki bila mtu wa kukuonjea utaacha, utarudi kufunga mchanganyo wa wengine mpaka mgongo upinde. Nilitaka uendelee, hata kwa asali ya uongo. Nisamehe. Ilikuwa nusura nikuaibishe mbele ya watu walewale niliotaka uwashinde.

Kuna linaloniuma kuliko hilo. Vidole vyangu vilisikia vijiti, mpwa wangu. Macho yangu yaliona moto ukienda kombo na majivu yakimwagika kwenye suruali. Nikaviambia vidole na macho vinyamaze, kwa kuwa pua imekufa basi nikafikiri na vyenyewe ni vizee vinavyobwabwaja. Kumbe vilikuwa vizima. Sitavinyamazisha tena.

Na kwamba ni yako nilijua tangu Februari, kabla hatujaiwasha. Jani la nje linazunguka kushoto. Katika maisha yangu nimefundisha mtu mmoja tu wa mkono huo. Nilimfundisha dukani kwa Kinyozi, tumekaa mbele ya kile kioo kikubwa ili aione mikono yangu ikiwa imegeuka, na wateja wanalalamika hawaoni nyuso zao. Ulidhani nimesahau?

Sasa sikiliza. Kinyozi amerudi, ananionyesha picha ya mjukuu kila baada ya mteja. Tuma zile sigaa za kweli, na tafadhali zitazame kabla hujafunga kifurushi. Yeye atavuta. Mimi nitazishika na kuzitazama, na nitakuandikia ninachokiona tu. Kila tukimaliza theluthi nitaizima, nitakata kipisi, nitakifunga kwenye karatasi yake na kukutumia. Kifua chako kinakataa moshi, sijasikia kikikataa kipisi kilichopoa. Pua unayo kuliko sisi sote. Inusishe.

Na moja zaidi. Mezani hakuna jina, lakini msimamizi si kipofu, akiona kushoto atajua ni wewe. Jaribu kufungia kulia.

Mjomba wako


15 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo kubwa kuliko zote za mwaka huu. Mkaza mjomba mpe ya kwake, pamoja na ukweli kuhusu pua yako. Umeniambia mimi niliye mbali, yeye anayekupikia bado anapika gizani. Sitakuandikia tena kama hujamwambia.

Vipisi vimefika. Mtu wa posta alinipa bahasha kwa ncha za vidole, akauliza kama kuna panya aliyekufa. Nimevipanga dirishani kwa mpangilio wako na kuvinusa kimoja kimoja. Cha kwanza kilinuka karanga kweli, Kinyozi apewe heshima yake. Cha pili kitamu bado. Cha tatu kikanipiga puani kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikasoma pale ulipoandika, kwenye karatasi uliyokifungia, kwamba theluthi hiyo ilikuwa ya moto mkononi na moto wake ulizidi katikati kuliko pembeni. Basi nikajua ni katikati ndiko kwenye ugonjwa. Nikaipasua sigaa nyingine kwa wembe nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye jani lenyewe, lile nene la juu kabisa ya mmea. Nililipenda kwa nguvu zake, nikalijaza kupita kiasi. Nimelipunguza nusu. Lililobaki nimeligeuza ili upande mnene uungue mwanzoni, mvutaji akiwa bado na hamu.

Nimesokota, nimevunja, nimesokota tena. Mama anasema hata usingizini mikono yangu inaviringisha shuka.

Kuhusu kulia, nimekutii, nimejaribu. Zilitoka kama soksi zilizoteremka. Nilizitazama nikaona aibu, sio kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu zilikuwa zinajificha. Nimezifungua zote na kuzifunga upya kwa mkono wangu. Yangu itakaa mezani ikizunguka kushoto, Mjomba. Kama wananijua, na wanijue.

Mpwa wako


30 Julai

Mjomba,

Shikamoo, sijalala vizuri, mwandiko uuvumilie.

Sigaa zilipangwa juu ya kitambaa cheupe kwenye meza ndefu. Wasokotaji tulisimama ukutani, tumekatazwa kusema. Wazee waliketi, kila mmoja na glasi yake ya maji. Msimamizi alikuwa anazikagua kabla hazijawashwa, kuona kama zimefungwa vizuri, ndivyo alivyosema. Alipoifikia yangu aliigeuza mara moja tu.

"Ya Shoto hii," akasema, akaiweka pembeni, karibu na sahani ya majivu.

Nilingoja mtu aseme. Nilimtazama msokotaji wa meza ya jirani ambaye nimemwazima wembe tangu nianze kazi, naye akatazama viatu vyake. Basi nikatoka ukutani. Nikaichukua sigaa yangu nikairudisha kwenye kitambaa.

"Rudi mahali pako," msimamizi akaniambia.

"Narudi. Ila sheria uliyotusomea ni ya kuvuta, sio ya kutazama. Ivutwe kwanza. Ikiwa mbaya nitaitupa mwenyewe."

Akafungua mdomo kujibu. Mzee wa mwisho, yule mwenye sikio zito, huenda hakusikia hata neno moja la ugomvi wetu, alinyoosha mkono akaichukua na kuiwasha.

Ilizunguka meza nzima. Waliipokezana kama nyingine, kila mmoja akajaribu mwanzo, kati na mwisho. Sikuweza kutazama nyuso zao, nikatazama majivu, kama ulivyonifundisha. Yalikaa, Mjomba. Nilijua kabla hawajasema.

Wamechagua yangu. Mzee mmoja alikataa, wengine walimshinda. Msimamizi aliniuliza nani aliyenionjea. Nikamwambia ni kazi ya watu watatu, na tukijumlishwa tunapata ulimi mmoja. Hakucheka.

Jumatatu naingia chumba cha kuchanganya. Ufagio nitauacha mlangoni.

Nakutumia moja, ya kwanza kabisa kuvishwa pete. Ivute na Kinyozi, halafu uniandikie kama zamani. Nataka kusikia kutoka kwako jinsi ilivyo, hata kama utaniambia rangi tu.

Mpwa wako


16 Agosti

Mpwa wangu, mchanganyaji wa karakana,

Leo shikamoo ningekupa mimi, ila mama yako angesikia.

Kwanza, nimemwambia. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Alisema alijua tangu mwaka jana, aliposahau chumvi wiki nzima nami nikaomba niongezewe mchuzi. Alikuwa anangoja nione mwenyewe aibu ya kumficha. Nimeiona. Sasa ananiambia kila kitu kina ladha gani wakati nakula, na mimi natafuna nikimwamini.

Barua yako nilimsomea Kinyozi dukani kwa sauti, mpaka pale ulipotoka ukutani. Hapo nilishindwa kuendelea, akaimalizia yeye, na mteja aliyekuwa amekaa na sabuni usoni akapiga makofi bila kutujua.

Kisha tukatoka uani na sigaa yako. Nilivua pete yake taratibu nikaitia mfukoni, ninayo hapa ninapoandika. Rangi: mkate ulioiva. Jani la nje: kushoto, bila kujificha. Niliibonyeza yote nikaikuta imejaa sawasawa kama mkono wa mtu mwenye afya. Kwa heshima ya ulimi wake nilimwambia Kinyozi safari hii aanze yeye.

Akawasha. Akavuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikanyoosha mkono.

Akavuta wa nne.

Nilidhani amejisahau, nikakohoa. Wa tano. Nikamwuliza ni ladha gani, hakunijibu, alikuwa amefumba macho. Nikaona hakuna la kufanya ila kuangalia majivu. Yalikwenda yakarefuka, meupe, yamenyooka, hayakudondoka mpaka alipoyagonga mwenyewe. Theluthi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ikaingia ile ya mwisho ambayo ilikuwa inakata tamaa. Nikamkazia macho usoni. Hakuitoa mdomoni. Aliivuta mpaka ikamuunguza vidole, akaruka, akaitupa, akaanza kunyonya kidole gumba kama mjukuu wake. Ndipo akauona mkono wangu. Ulikuwa bado umenyooka.

"Lo," akasema. "Samahani, ndugu yangu."

Miaka yote ya urafiki wetu, mtu wa haki, leo ameniibia zamu mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa kwenye kile kiti kibovu nalia kwa furaha.

Tuma mbili, mpwa wangu. Moja iwe yangu.

Mjomba wako